Dondoo muhimu: Darasa la ngoma kwenye simu

Wanawake wa Dar es Salaam walijumuika kwa ngoma miaka mingi kabla ya simu janja. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, alivitumia vikundi vya namna hiyo mwaka 1955 kuwaingiza wanawake katika TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Darasa la mtandaoni, yaani mafunzo ya kucheza yanayofuatwa kwa video, linaweza kumpatia mwanamke aliyevuka miaka 60 huko Mbagala au Bunju jumuiya ya namna hiyo, ilimradi asicheze peke yake chumbani.

Kwa kuwa bando la intaneti huisha upesi, inafaa mjukuu apakue video mapema, kisha majirani watatu au wanne wakusanyike sebuleni kwa mmoja wao, na muda wa soga baada ya kucheza usikatwe, kwani pengine ndio unaowarudisha wengi.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yanayoharakisha mapigo ya moyo huku mtu akiweza kuzungumza. Ngoma ya mduara, hata ya kasi ndogo, inaweza kutosha ikiharakisha mapigo hayo. Sakafu iliyopigwa deki ikauke kabisa, kibwebwe, yaani khanga inayofungwa kiunoni, kisibane pumzi, na kiti imara kiwe karibu. Mwenye presha amwone daktari kwanza, na anayeumwa magoti acheze ameketi, kwa mabega na mikono.