Mabati Yetu Yanapofika Kiwandani



Ukisimama Mkata, pale barabara ya Handeni inapoachana na barabara kuu ya Chalinze na Segera, utaona malori mengi yakipita. Mengine huwa yamebeba chuma chakavu: mabati yenye kutu, majembe yaliyokwisha, rimu za baiskeli, vipande vya mashine za mkonge kutoka Korogwe. Kila kipande mtu fulani amekiuza kwa kilo. (Alama za barabarani si chuma chakavu. Anayezing'oa na kuziuza ni mwizi.)

Leo tujifunze chuma hicho kinaacha taka gani kiwandani, na taka hizo zinahusianaje na afya ya watoto wetu.

Kiwandani chuma chakavu hutiwa katika tanuri la umeme. Joto lake hupita nyuzi 1500. Chuma huyeyuka kikawa kama uji, na uji huo hutengenezwa nondo za kujengea. Hii ni faida kubwa. Tani 1 ya chuma chakavu ikiyeyushwa, huokoa kama kilo 1400 za mawe yenye chuma na kilo 740 za makaa ya mawe, ambazo zingehitajiwa ili kupata chuma kipya.

Lakini kazi hiyo ina taka zake. Taka ya kwanza ni mavi ya chuma. Wazee wanalijua neno hili, kwa sababu wafua chuma wa zamani nao waliyaacha karibu na matanuri yao. Uchafu huungana na chokaa inayotiwa tanurini, ukaelea juu kama povu la nyama inayochemka. Huchotwa, hupoa, huwa jiwe. Jiwe hilo likipondwa hujengea barabara. Mavi ya chuma ya matanuri makubwa ya makaa ya mawe husagwa na kutiwa katika saruji. Taka ya pili ni magamba meusi yanayobanduka chuma kinapobanwa kuwa nondo. Hayo ni chuma pia, nayo huweza kurudishwa tanurini.

Taka ya tatu ndiyo ya kuogopa. Ni vumbi la moshi.

Bati limepakwa zinki ili lisishike kutu. Ndani ya tanuri zinki hugeuka mvuke ikatoka na moshi. Kama katika mzigo mlikuwa na madini ya risasi, nayo hutoka hivyo hivyo. Hatusemi risasi ya bunduki. Tunasema madini mazito na laini yaliyomo ndani ya betri ya gari, na katika baadhi ya rangi za zamani.

Kiwanda kinachofuata utaratibu huchuja moshi kwa mifuko mikubwa. Kila tani 1 ya chuma huweza kutoa kilo 15 hadi 20 za vumbi. Vumbi hilo hupelekwa kwenye mitambo inayotoa zinki, ikatumika tena. Kiwanda kisichochuja moshi huwamwagia majirani vumbi hilo. Watu hulivuta, huliwa pamoja na mboga, na watoto hulilamba mikononi.

Mfano tunao karibu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, alikuwa na mtoto anayenyonya. Mtoto aliugua, na damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Majirani nao walipopimwa, wengi walikuwa nayo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ilikatiwa rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirudisha amri hiyo.

Mtoto mwenye risasi mwilini huumwa tumbo, hupungukiwa damu, na huwa mzito wa kujifunza. Ubongo ulioharibiwa na risasi haurudi kuwa kama mwanzo.

Sasa hapa kijijini. Betri ya gari iuze nzima, peke yake, isichanganywe na mabati. Usiipasue. Maji yake ni tindikali, huunguza ngozi na macho. Usiyeyushe risasi yake jikoni, hata kama fundi atakupa fedha zaidi. Usichome nyaya ili upate shaba. Kopo lililofungwa usilitie katika mzigo, maana huweza kupasuka tanurini na kuwaua wafanyakazi. Kopo la dawa ya wadudu lisitumike kuchotea maji.

Anayekusanya chuma chakavu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Na kama mtoto wako alikuwa akichezea betri zilizopasuka, akaanza kuumwa tumbo mara kwa mara, mpeleke kwenye zahanati. Usimwambie mganga tumbo tu. Mwambie na habari ya betri.