Trekta Dogo Jipya: Kipi Ulipie Leo, Kipi Kingoje Mavuno

Bei inayotajwa kwenye viwanja vya Nanenane, iwe Nzuguni au John Mwakangale, mara nyingi ni ya trekta tupu. Ukishaonyesha nia ndipo maswali yanapoanza: magurudumu manne yavute au mawili? Klachi ya aina gani? Tairi zipi? Unataka kabini? Kijiko cha mbele je? Kila jibu lina bei yake, na kwa trekta la nguvu farasi 25 hadi 50 nyongeza hizo zikijumlishwa zinaweza kumeza fedha ya plau na tela. Trekta lisilo na plau wala tela halilipi deni la mtu.

Ushauri wangu ni kuzigawa nyongeza zote mafungu mawili. Zipo zinazozaliwa na trekta, zilizomo ndani ya gia, ekseli na klachi. Hizo ukizikosa siku ya kununua umezikosa kabisa, maana kuziweka baadaye ni kulifungua trekta zima, na gharama yake haina maana. Zipo pia zinazofungwa kwa bolti, ambazo fundi anaweza kuziweka mwaka ujao. Fedha ikiwa haba, na kwa wengi wetu ni haba, iende kwanza kwenye fungu la kwanza, ingawa la pili ndilo linalong'aa na kuvutia macho uwanjani.

Anza na magurudumu ya mbele. Trekta linalovuta kwa magurudumu mawili ya nyuma ni rahisi zaidi, lina vipuri vichache vya kuharibika, na kwa shamba tambarare lenye udongo mwepesi linatosha. Lakini trekta dogo lina udhaifu wa kuzaliwa nao: ni jepesi. Kwenye majaruba ya Mbarali au Mwea, kwenye udongo mweusi wa mbuga kule Shinyanga baada ya mvua, au kwenye mteremko, injini itakuwa na nguvu na tairi zitazunguka bure. Hapo lipia magurudumu manne bila kusita. Nguvu farasi 30 zinazoshika ardhi ni bora kuliko 40 zinazochimba shimo. Kwa mkulima wa mpunga kuna swali la pili: ekseli ya mbele imefungwaje? Inama uitazame. Uliza sili zake zinazuiaje maji na tope, na zinabadilishwa kwa bei gani. Magurudumu ya chuma ya kuvurugia tope yanaweza kununuliwa baadaye; ekseli haiwezi.

Kisha nenda nyuma uitazame PTO, ile shafti fupi yenye meno inayozungusha rotaveta, pampu na mashine ya kupukuchua mahindi. Kasi yake ya kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, na zana nyingi sokoni zimetengenezwa kwa kasi hiyo. Jambo la kuchagua ni klachi yake. Kwenye klachi ya hatua moja, ukikanyaga pedeli magurudumu na PTO husimama pamoja. Maana yake, rotaveta ikielemewa na nyasi huwezi kulisimamisha trekta kidogo huku visu vikiendelea kujisafisha. Klachi ya hatua mbili inakuruhusu: ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama na shafti inaendelea. Bora zaidi ni PTO yenye klachi yake peke yake, inayowashwa na kuzimwa kwa leva au swichi. Mtu anayelima kwa plau na kuvuta tela tu hana haja nayo. Anayetaka kutumia rotaveta kila msimu aichukue, kwa sababu hiyo nayo ni ya fungu la kwanza.

Ukiwa hapohapo, hakikisha shafti ina kifuniko chake, na shafti ya zana ina bomba lake la plastiki. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde moja. Kanga, koti au mkono wa shati ukinaswa, mtu hana muda hata wa kupiga kelele. Kwenye upukuchuaji, ambako wanawake na vijana huizunguka mashine kutwa nzima, kifuniko hicho si cha kujadiliwa bei.

Juu ya PTO iko mikono ya kunyanyulia zana. Uwezo ulioandikwa kwenye karatasi, tuseme kilo 1,000, mara nyingi hupimwa kwenye ncha za mikono yenyewe. Uzito wa plau haukai pale. Umekaa nyuma zaidi, na kadiri unavyorudi nyuma ndivyo unavyozidi kuielemea pampu. Ndiyo maana kuna kipimo kingine kinachochukuliwa sentimita 61 nyuma ya ncha, nacho huwa kidogo zaidi. Omba hicho. Uliza pia daraja la mikono. Trekta dogo kwa kawaida huwa na daraja la kwanza, lenye pini za chini za karibu milimita 22, ilhali plau kubwa zilizoenea vijijini hutumia pini za milimita 28. Usipange kuazima plau ya jirani kabla hujapima.

Gia nazipita haraka. Kwa kulima, gia za kawaida zinafaa, ni nafuu na fundi wa wilayani anazijua. Ule mfumo wa kuendesha kwa pedeli, unaotumia mafuta ya haidroliki badala ya kubadilisha gia, ni mzuri kwa kufyeka nyasi na kwa kazi ya kwenda mbele na kurudi nyuma, lakini unakula sehemu ya nguvu ya injini na unadai mafuta na filta sahihi. Shamba likiwa mbali na duka la vipuri, uache. Gia ya mwendo wa kutambaa ina faida kwa anayepanda miche au kutumia rotaveta kwenye udongo mgumu.

Mdomo wa haidroliki wa nyuma husahaulika mno. Ndio unaonyanyua tela ya kumwaga. Mwenye trekta anayebeba mchanga, matofali na mazao hupata fedha hata miezi ambayo hakuna kulima, na tela inayojimwaga yenyewe huokoa vibarua na muda kila safari. Chukua angalau jozi moja tangu mwanzo.

Sasa chuma cha kinga, ule upinde imara ulio nyuma ya kiti, pamoja na mkanda wake. Baadhi ya matrekta bado huuzwa bila upinde huo, au huwekwa kwenye orodha ya nyongeza. Mimi siuhesabu kuwa nyongeza. Sweden ililazimisha kinga hiyo kwa matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Trekta dogo ni jembamba, na likipanda kingo ya jaruba au kukata mteremko wa Lushoto likiwa na tela nyuma, hupinduka kabla dereva hajaamua la kufanya. Tofautisha vitu viwili: paa la turubai juu ya mabomba membamba ni kivuli tu, halizuii uzito wa trekta. Uliza kama upinde umepimwa na kuthibitishwa kiwandani, na usikubali wa kuchomelewa mtaani. Mkanda ufungwe upinde ukiwa umesimama. Kwenye mibuni au miembe upinde ukilazwa ili upite chini ya matawi, mkanda usifungwe, na ukitoka usimamishwe tena. Trekta lina kiti kimoja. Madigadi si viti.

Vyuma vya uzito vya mbele vichukuliwe pamoja na trekta, kwa kuwa vibebeo vyake hutofautiana kwa kila aina. Plau ikinyanyuliwa, pua huwa nyepesi na usukani unapoteza nguvu. Tairi za nyuma zinaweza kuongezewa uzito kwa maji, hadi robo tatu ya tairi, kwa gharama ndogo sana. Tairi zenyewe ziwe zile zenye meno marefu ya shambani. Zenye meno mafupi na mapana ni za barabara na kazi za ujenzi, nazo hujaa tope na kuteleza.

Chujio la maji kwenye dizeli na kikombe cha kukamata vumbi kabla ya eya klina ni vitu vya bei ndogo. Kwa mafuta yanayosafiri kwenye madumu na vumbi la mwezi wa tisa, vinailinda injini kuliko kitu kingine chochote utakachonunua siku hiyo.

Kabini yenye kiyoyozi ingoje. Kijiko cha mbele nacho kingoje, isipokuwa kwa mwenye ng'ombe wengi wa maziwa au biashara ya samadi na mchanga. Ila uliza kama aina hiyo ya trekta inakubali kufungwa kijiko baadaye, na kama ekseli ya mbele inakibeba. Taa za nyuma za kazini fundi umeme atazifunga jioni moja.

Ukikopa, kumbuka kwamba mkopeshaji hulipa kilichoandikwa kwenye ankara kifani. Usichoandika leo utakinunua kwa taslimu kesho, kwa hiyo zana na nyongeza za fungu la kwanza ziingie humo moja baada ya nyingine, kwa majina na namba zake, si kwa neno “kamili”. Kabla ya kulipa salio, zana ifungwe kwenye uwanja wa muuzaji, inyanyuliwe, PTO izungushwe, na dereva wako mwenyewe akae kwenye kiti. Mafuta ya injini mpya hubadilishwa mapema, mara nyingi kwenye saa 50 za kwanza, na kwa msimu wa kulima saa hizo huisha ndani ya wiki moja. Iandikwe nani atakuja shambani kuifanya huduma hiyo, nani atalipa nauli yake, na filta zitatoka wapi.