Skrini Garini: Dereva Atazame Wapi?

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Msomaji mpenzi, leo nataka tuutumie msemo huo kupima kitu ambacho wengi wetu hukiona kama pambo tu: ile skrini iliyo kando ya usukani, yenye ramani, redio na kiyoyozi. Sisi wanafunzi wa kutwa huvuka barabara asubuhi na jioni, kwa hivyo jambo hili latuhusu hata kama hatuna leseni.

Skrini ya kuguswa kwa kidole si jambo geni. Kule Marekani, gari la Buick Riviera lilikuwa nayo mwaka wa 1986. Siku hizi imeenea, na kazi nyingi zilizokuwa na vitufe vyake zimehamishiwa humo. Je, tutajuaje kama skrini inamfaa dereva? Urembo si kipimo. Kuna maswali matatu.

Kwanza, inayaondoa macho ya dereva barabarani kwa muda gani? Mwaka wa 2013, idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa mwongozo kuwa kila anapotupa jicho asizidishe sekunde 2, na kazi nzima isizidi sekunde 12 za kutazama. Mtu atasema, "Ah, sekunde mbili ni nini?" Haya, tupige hesabu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 hivi kila sekunde. Sekunde 2 ni mita 44. Dereva amekwenda mita 44 kama kipofu!

Pili, kazi ni nyepesi au nzito? Kitufe hupatikana kwa kupapasa, lakini skrini ni laini kote, lazima uitazame. Mwaka wa 2022 jarida la Vi Bilägare la Uswidi lilijaribu magari ya kisasa pamoja na Volvo V70 kuukuu ya mwaka wa 2005 yenye vitufe. Madereva walipewa muda wa kuyazoea kwanza, kisha wakafanya kazi zile zile, kama kubadilisha stesheni ya redio, kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Volvo ile ilimaliza kwa sekunde 10. Gari lililoshika mkia lilichukua zaidi ya sekunde 44, yaani zaidi ya kilomita moja ya barabara. Kumbe mzee aliwashinda vijana!

Tatu, dereva anaielewa lugha yake? Hapa Kenya magari mengi huletwa yakiwa yametumika Japani, na baadhi yana skrini za Kijapani. Asiyeisoma hubonyeza kwa kubahatisha, macho yakiwa yamezama humo.

Hata hivyo, tusiegemee upande mmoja. Skrini ya kamera ya nyuma humwonyesha dereva mtoto asiyeonekana kwenye kioo. Ramani inayosema kwa sauti humwacha aangalie mbele. Basi kosa si la skrini yenyewe, bali ni la kuirundikia kila kitu. Ndiyo sababu kanuni za Euro NCAP za mwaka wa 2026 huyapa alama magari ambayo honi, wipa na viashiria vyake vina vitufe au swichi halisi.

Zoezi la wanachama: mwombe mzazi au jirani mwenye gari, likiwa limeegeshwa, abadilishe stesheni na apunguze baridi. Acha ajizoeze kwanza. Kisha shika saa, hesabu sekunde na mara anazotupa jicho kwenye skrini. Zikizidi 12, mwambie kwa heshima kazi hiyo aifanye kabla ya kung'oa gari.

Watu husema ajali haina kinga. Lakini hii ya macho kuzurura kwenye skrini, jamani, kinga inayo: dereva atazame mbele.