Nuru, Kina na Mavuno ya Spirulina

Katika maziwa yenye magadi ya Bonde la Ufa, kama vile Nakuru na Bogoria nchini Kenya na Natron nchini Tanzania, huishi kiumbe mdogo ajulikanaye kwa jina la spirulina. Umbo lake ni la uzi uliojipinda mithili ya parafujo, naye ndiye chakula kikuu cha heroe mdogo. Vitabu vya zamani vilimhesabu kuwa mwani wa kijani-buluu. Lakini kwa kuwa seli zake hazina kiini, sasa huwekwa katika kundi la bakteria waitwao sianobakteria. Hata hivyo hujilisha kama mmea: hunasa nuru ya jua, na kwa nguvu hiyo hujenga mwili wake kutokana na kaboni iliyomo majini.

Wakazi wa Kanem, karibu na Ziwa Chad, humvuna, humkausha na kumla. Kwingineko hukuzwa katika mabwawa au katika fotobioreakta, yaani matangi yapenyezayo nuru ambamo joto, hewa na mwanga huongozwa kwa kipimo. Kwa mkulima wa namna hii swali kubwa ni moja: maji yaachwe yawe mazito kiasi gani kabla ya kuvuna? Wengi wangejibu kwamba kadiri seli zinavyozidi, ndivyo mavuno yanavyozidi. Hesabu yaonyesha vingine.

Mwaka 1729 Mfaransa Pierre Bouguer alieleza kwamba nuru ipitayo katika kitu hupungua kwa sehemu ile ile katika kila tabaka, wala si kwa kiasi kile kile. Ikipungua nusu katika sentimita ya kwanza, hupungua nusu ya iliyosalia katika ya pili. Johann Lambert aliiandika kanuni hiyo kwa hesabu mwaka 1760, na mwaka 1852 August Beer akaonyesha kwamba kuongeza maradufu wingi wa kitu kinachofyonza nuru ni sawa na kuongeza maradufu kina chake. Kwa ufupi:

N = N₀ × (½)^(wk)

N₀ ni nuru ya juu ya maji, k ni kina kwa sentimita, na w ni wingi wa seli, uliopimwa hivi kwamba w ikiwa 1 nuru hupungua nusu kila sentimita.

Na lichukuliwe tangi lenye kina cha sentimita 8, likipokea nuru ya vipimo 1,000. Kila seli huzalisha kwa nuru na papo hapo hutumia akiba yake kwa kupumua. Tuseme pato na matumizi hulingana panapokuwa na vipimo 10. Chini ya hapo seli hula kuliko inavyozalisha. Ili 1,000 ishuke hadi 10, nuru yapaswa kupunguzwa nusu mara 6.6 hivi. Basi w ikiwa 1, tabaka lenye faida lina kina cha sentimita 6.6, na tabaka la giza sentimita 1.4. Wingi ukifika 2, tabaka lenye faida husinyaa hadi sentimita 3.3, na giza hutwaa 4.7.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Zidisha kina kwa wingi: 6.6 × 1 ni 6.6, 3.3 × 2 ni 6.6 vilevile. Idadi ya seli zenye kupata faida haikuongezeka hata kidogo! Seli zote zilizoongezwa zimeingia gizani, ambako idadi imepanda kutoka 1.4 hadi 9.4, nazo zinakula akiba. Kwa upande mwingine, w ikiwa 0.5, vipimo 62.5 hufika chini na kupotea bure. Kiasi bora ni kile ambacho vipimo 10 hasa hufika sakafuni: 6.6 ÷ 8, yaani w ya 0.83 hivi.

Koroga maji, na kila seli itapanda na kushuka kwa zamu. Jambo hili lina manufaa, kwa sababu ukuaji haulingani moja kwa moja na nuru: seli iliyo juu kabisa hushindwa kuitumia nuru yote iipatayo, na jua kali laweza hata kuidhuru. Si haki, basi, kudai kwamba mlingano huu mfupi unasema yote. Seli hutawanya nuru pia, na zikikaa gizani huongeza rangi zake za kunasia mwanga, hata nusu-kina ikabadilika.

Kanuni yenyewe yaweza kujaribiwa darasani. Majani ya mchicha yapondwe katika maji na kuchujwa kwa kitambaa. Bilauri ya kioo iwekwe juu ya gazeti, kisha maji hayo ya kijani yamiminwe polepole mpaka herufi, zikitazamwa kutoka juu, zisisomeke. Kina kipimwe kwa rula. Halafu maji yazimuliwe kwa kiasi sawa cha maji safi, na jaribio lirudiwe katika bilauri ile ile. Wanafunzi waandike kina na wingi wa kila mara, wazidishe, na kulinganisha majibu.