Kibao Kimoja, Kuku na Kachumbari

Kuku wa Jumapili hukatwa vipande na kutiwa sufuriani, kisha kibao hupanguswa kwa kitambaa kilichokuwa kikifutia meza. Hapohapo, kwa kisu kilekile, zinafuata nyanya, vitunguu na pilipili za kachumbari. Kuku atachemka hadi alainike, na vimelea aliotoka nao sokoni watafia humo. Kachumbari haipiti motoni. Inakwenda mezani mbichi, pamoja na majimaji ya kuku yaliyobaki kwenye kibao.

Ndimu na chumvi, ambazo wengi huzitegemea, hupunguza baadhi ya vimelea lakini haziaminiki kuwamaliza.

Vimelea wanaosumbua zaidi hapa ni bakteria wa salmonela na kampilobakta, ambao huishi tumboni mwa kuku bila hata kumuuguza, na aina fulani za E. koli zitokanazo na ng'ombe. Hawana harufu wala rangi. Kuku aliyechinjwa asubuhi hiyohiyo, mnono na safi machoni, anaweza kuwa nao. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, bakteria wengi wakipata unyevu na mabaki ya chakula huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kibao kilichoachwa na damu tangu mchana si kilekile ifikapo jioni.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufa. Watoto walio chini ya miaka 5 ni 125,000 katika hao waliokufa, na Afrika ndiyo inayobeba mzigo mzito zaidi ikilinganishwa na idadi ya watu wake. Si haki kukitwika kibao lawama zote hizo, maana maji machafu na mikono isiyonawiwa vimo pia. Lakini shirika hilohilo, lilipotoa kanuni zake tano za usalama wa chakula mwaka 2001, liliweka kutenganisha vyakula vibichi na vilivyopikwa kuwa kanuni ya pili, mara tu baada ya usafi wenyewe.

Nyumba nyingi hazina kibao kabisa. Sukuma wiki hukatiwa mkononi, nyanya humenywa juu ya sufuria, na nyama hukatwa juu ya sinia au mfuniko uliogeuzwa. Hakuna ubaya, mradi sinia lililokatiwa nyama lioshwe kwa sabuni kabla ya kupakuliwa ugali.

Kwenye jiko la hoteli kubwa, vibao hutofautishwa kwa rangi: mara nyingi chekundu ni cha nyama mbichi, cha buluu cha samaki, cha kijani cha saladi na matunda. Nyumbani rangi si lazima. Vibao viwili vinatosha, kimoja kikifungwa uzi kwenye tundu lake au kikichongwa alama pembeni ili hata mgeni au dada wa kazi ajue kipi ni cha nyama. Na penye kibao kimoja tu, dawa ni mpangilio, usiogharimu hata senti: kachumbari na matunda vikatwe kwanza, vifunikwe viwekwe kando, nyama ije mwisho. Familia inayopika hivi imekwishaziba njia kubwa ya vimelea kabla hata ya kushika sabuni.

Kuosha nako kuna utaratibu wake. Kibao chenye damu kikimwagiwa maji ya moto moja kwa moja, damu huganda na kung'ang'ania. Kianze kusuuzwa kwa maji ya kawaida, kisha kisuguliwe pande zote mbili, na kingo zake, kwa sabuni na brashi au dodoki. Kisu kioshwe pamoja nacho. Baada ya hapo ndipo maji yanayochemka yamiminwe juu yake. Maji ya moto ya dakika moja kutoka kwenye birika hayatoshi kama uchafu haujaondolewa kwanza.

Anayetaka kutumia dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, achanganye vijiko viwili vya chakula katika lita 5 za maji, ikiwa dawa ni ya asilimia 3.5. Iliyo kali zaidi hupunguzwa kwa kufuata maelezo ya kwenye chupa. Kibao kikae na mchanganyiko huo dakika kadhaa, kisha kisuuzwe. Klorini hupoteza nguvu ikikutana na mafuta na damu, ndiyo maana haichukui nafasi ya sabuni. Isichanganywe kamwe na ndimu, siki wala dawa ya kusafishia choo: hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu.

Kisha kikaushwe. Kichanja cha vyombo uani, penye upepo na jua, kinafanya kazi ambayo kitambaa cha jikoni hakiwezi, kwa sababu bakteria wengi huhitaji unyevu ili waongezeke. Kibao kisimamishwe wima. Kikilazwa chini kikiwa kibichi, upande wa chini hubaki na maji na kuota ukungu.

Ubishi wa mbao na plastiki ni wa zamani. Kwa miaka mingi wataalamu wa Marekani walipendekeza plastiki, wakisema mbao hunyonya na plastiki hainyonyi. Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walianza kutafuta namna ya kuvifanya vibao vya mbao viwe salama kama vya plastiki. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1994, yalipindua matarajio yao. Bakteria waliowekwa juu ya mbao walizama ndani yake, wakashindwa kuongezeka na wakafa taratibu. Plastiki mpya ilisafishika kwa urahisi, lakini iliyochanjwachanjwa na visu, hasa ikiwa na mafuta ya kuku, haikutakata kwa kuoshwa kwa mkono.

Hilo si ruhusa ya kulegea. Dakika chache baada ya kuku kukatwa, vimelea wangali juu ya mbao, tayari kuhamia kwenye nyanya. Vilevile kwenye nyama choma: mteja ana haki ya kuuliza kama ubao unaoletewa mbavu zake zilizoiva ndio uliokatiwa nyama mbichi.

Kibao cha mbao kisilowekwe kwenye beseni usiku kucha, kitapinda na kupasuka. Kikikauka sana, kipakwe nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Mafuta ya kupikia huchacha na kunuka. Kikijaa makovu, fundi seremala atakipitishia randa mara chache na kitarudi kuwa laini. Cha plastiki chenye mikwaruzo mirefu isiyotoka uchafu hakina fundi. Kiondolewe jikoni, na jirani asipewe.