Kutunza vipandikizi vya waridi msimu wa baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, Thika na Ruiru hupata siku nyingi za mawingu. Baridi hiyo haigandishi maji kama ya Ulaya. Kinachoua vipandikizi vichanga vya waridi hasa ni unyevu. Udongo ukikaa umelowa, ncha ya chini hugeuka nyeusi na kuoza kabla ya mizizi kutoka. Mkulima anashauriwa kumwagilia asubuhi, tena pale tu udongo wa juu umekauka, na kufunua karatasi ya plastiki adhuhuri ili hewa ipite. Majani yenye ukungu wa kijivu yaondolewe siku hiyo hiyo.

Machipukizi si ushahidi wa mizizi: kipandikizi huweza kuchipua kwa akiba yake, kisha kikafa. Kuking'oa ili kuangalia hukata mizizi michanga. Kuhamishia shambani kungoje Septemba, jua likirejea.