Baraza la Duka Kule Eatonville: Mji Mdogo na Mamlaka ya Usemi

Msomaji wa fasihi ya Kusini mwa Marekani hakawii kutambua kwamba mji mdogo wa huko hupendwa kwa mambo yale yale: baraza mbele ya nyumba, kanisa, duka la wote, na majirani wanaojua ukoo wa kila mtu. Aghalabu sifa hizi hutajwa kama mapambo ya mandhari tu. Makala haya yanashikilia kwamba baraza ni taasisi ya usemi. Huwapa watu sauti, na papo hapo huwanyima wengine. Mfano wetu ni mji wa Eatonville, jimboni Florida, kama unavyosawiriwa na Zora Neale Hurston (1891–1960).

Eatonville ulisajiliwa kuwa mji mwaka 1887, miaka 22 baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza ya Marekani kujitawala chini ya Waamerika Weusi wenyewe. Ni mji mdogo hasa: hata katika sensa ya 2020 wakazi walikuwa 2,300 na ushei. Babake Hurston, mhubiri wa Kibaptisti, aliwahi kuwa meya. Mtoto aliyekulia hapo aliwaona watu wa rangi yake wakishika hatamu za mji, katika enzi ambapo sheria za ubaguzi zilikuwa zikikazwa kote Kusini. Si ajabu kwamba katika tawasifu yake ya 1942 Hurston anadai kuzaliwa Eatonville, ilhali kumbukumbu zinaonyesha alizaliwa Notasulga, Alabama. Mapenzi ya namna hii hayahojiwi!

Kitovu cha mji kilikuwa baraza la duka la Joe Clarke. Hapo wanaume waliketi jioni wakapashana habari, wakataniana, wakashindana kutunga hekaya za chumvi ambazo wenyewe waliziita "uongo": visa vya wanyama, vya Mungu na Shetani, na vya John, mtumwa mwerevu anayemzidi bwana wake akili. Msomaji aliyelelewa na ngano za Sungura atamtambua John mara moja. Ikumbukwe pia kwamba fanani na hadhira hawakutengana pale. Aliyecheka sasa ndiye aliyesimulia baadaye.

Mwaka 1927 Hurston, aliyekuwa mwanafunzi wa Franz Boas, alirejea Florida kukusanya simulizi, akaambulia machache mno. Baadaye alieleza sababu: aliwauliza watu kwa lafudhi ya chuo, nao wakamjibu kwa adabu kwamba labda angepata hayo wilaya jirani. Aliporudi na kuketi barazani kama binti wa nyumbani, hekaya zilimiminika, na matunda yake ni *Mules and Men* (1935). Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi aliyewahi kwenda uwandani analijua hili: kinasa sauti kikitangulia, ngano hukimbia.

Hata hivyo, Hurston halipambi baraza hilo kupita kiasi. Katika riwaya ya *Their Eyes Were Watching God* (1937), meya na mwenye duka, Joe Starks, anamkataza mkewe Janie kushiriki mazungumzo ya barazani na kumwamuru afunge nywele zake kitambaa. Janie anauza bidhaa huku akisikia vicheko asivyoruhusiwa kuvichangia. Siku anapothubutu kumjibu mumewe mbele ya hadhira ile ile, Starks anavunjika moyo asiinuke tena. Isitoshe, riwaya inaanza kwa majirani waliokaa barazani wakimhukumu Janie anaporudi mjini. Naye kisa chake anamsimulia rafikiye Pheoby, nyuma ya nyumba. Kwa maoni yetu, uteuzi huu wa mandhari ndio uhakiki mkali zaidi wa mji mdogo katika riwaya nzima: baraza la mbele huhukumu, ngazi za uani husikiliza.

Swali la nani aseme halikuishia vitabuni. Tangu 1990 mji huo huandaa kila mwaka tamasha la kumuenzi Hurston. Lakini ekari zipatazo 100 za iliyokuwa shule ya Hungerford, iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya watoto weusi, zilibaki mikononi mwa bodi ya elimu ya kaunti. Mpango wa kumuuzia mwekezaji ardhi hiyo ulivunjika mwaka 2023, baada ya wakazi kusimama hadharani na kuupinga.